Ubao wa kaka yangu asiyesema ulivyoitwa ramani ya msitu

Wakuu, hamjambo? Nawasalimu kutoka Ruring'u. Mimi ni nyanya yenu, mjukuu ndiye aliyenifungulia akaunti. Nasimulia niliyoyaona, bila chumvi. Daktari amenikataza chumvi hata kwa chakula.

Wakati wa Emergency, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa uhuru msituni, nilikuwa msichana mkubwa. Kaka yangu Wachira alisikia vizuri, akili timamu, lakini sauti haikutoka tangu azaliwe. Kusoma hakujua.

Nieleze kidogo, vijana. Siku hizo ukihojiwa ukanyamaza, umekula kiapo cha watu wa msituni. Ukijibu, unadanganya. Serikali ilikuwa imerahisisha mambo kabisa.

Nikamtengenezea ubao kutoka sanduku la chai. Nikachora kwa makaa: nyumba, mto, ng'ombe, majirani. Anaonyesha kwa kidole, unamwelewa. Siku hizi mnauziwa hiyo ndani ya tablet.

Asubuhi moja tukipeleka maziwa, homgadi wakatusimamisha. Hao walikuwa watu wetu wenyewe, waliopewa bunduki na serikali. Mmoja alikuwa Kariuki, jirani yetu. Kwa vile afande mzungu alikuwa karibu, Kariuki akawa mpelelezi ghafla.

"Effendi! Hii ni ramani! Mto hii hapa, nyumba hii hapa. Anapelekea watu ya msitu!"

Ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Ramani hatari sana.

"Wewe najua yeye?" mzungu akauliza.

"Hapana, effendi. Mimi sijui huyu."

Jumapili alikuwa amekunywa uji kwetu, vikombe viwili.

Wachira akasukumwa kuelekea lori la kambini. Waliopanda lile lori hatukujua kama wangerudi.

Nikalia, "Effendi, yeye hawezi kusema! Muulize na ubao!"

Mzungu akacheka. "Haya. Nani najua wewe hapa?"

Wachira akaweka kidole kwenye sura moja yenye masikio kama majani ya mgomba. Kisha akamnyooshea Kariuki.

Mzungu akatazama ubao. Akatazama Kariuki. Akarudia.

Homgadi mwenzake akashindwa kujizuia. "Ai, Kariuki, si huyu ni wewe!"

"Ni jirani, effendi," Kariuki akasema. "Nilikuwa nimesahau kidogo."

Wakatuachilia. Maziwa yakabaki, kwa usalama wa nchi.

Nyumbani Wachira alitaka kumsimulia mama. Akapapasa ubao wote, akakosa. Akanipa makaa. Nikamchorea lori.

Ndilo somo langu, wapendwa. Usingoje kifaa cha bei, anza na makaa. Lakini usichore tu vitu unavyotaka wewe akuombe, kama uji na maji. Mchoree pia kilichomtisha.

Nani ana mtu asiyesema nyumbani? Mnaongea naye vipi? Niandikieni, hakuna swali la kijinga hapa.