Mama alivyomjibu mtafiti wa Ruvuma

Leo mama ametamka jambo ambalo hajawahi kutuambia wanawe.

Nilikuwa nyumbani Chuno, namhoji mtafiti anayeandika kitabu kuhusu watu waliokimbia vita Msumbiji. Akasimulia jinsi kina mama walivyovuka mto Ruvuma kwa mitumbwi, wakiwaziba watoto midomo ili askari wasisikie vilio.

Mama alikuwa pembeni, anachambua kisamvu.

“Wangu hakuamka tena,” akasema.

Mtafiti akaweka kalamu chini.

“Mtoto gani, mama?” nikamuuliza.

“Kaka yako Saidi. Tulimzika ng’ambo hii.”

Miaka yote hii najua mimi ndiye kifungua mimba.

Mama akamgeukia mtafiti.

“Jina lake uliandike.”

Ameliandika. Nami naliandika hapa.

Mtakaosoma, mwombeeni mama yangu.