Mama Brashi Ausaka Mguu Wake wa Kushoto

Saa tatu asubuhi, rangi bado mbichi ukutani, Mama Brashi anavua viatu vya kazi na kusimama kwa mguu wa kushoto. Mafundi wenzake wameacha kazi wanamtazama. Msimamizi amekunja mikono.

"Ukigusa ukuta, unabaki chini," anamwambia.

Anainama polepole kuanzia nyonga, mgongo umenyooka, mguu wa kulia ukielea nyuma yake, mpaka vidole vya mkono vinafika kwenye mfuniko wa ndoo sakafuni.

Fundi rangi huyu hajapanda jukwaa tangu ateleze ngazini mwaka jana akateguka kifundo cha mguu wa kushoto. Maumivu yaliisha, ila mguu ukawa hauaminiki. Akaachiwa mageti na kuta za chini. Kwa mtu aliyezoea maghorofa, hilo lilimkata maini.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyempa zoezi hili lisilohitaji chuma wala mashine. "Aliniambia nikaze tumbo," anasema. "Nikamwambia, tumbo langu limeshastaafu."

Akawa anafanya jikoni, akisubiri chai ichemke. Mambo yalikwenda vizuri mno, mpaka binti yake akamuuliza, "Mama, mbona mguu wa kushoto umeupa likizo?"

Kweli tupu. Ngazini amezoea kuegemea mguu wa kulia ili mkono wa brashi ufike mbali, na kwa mazoea hayo alikuwa akiufunza ule mzima tu.

Alipogeukia wa kushoto, alipepesuka hovyo. Siku moja alijaribu kazini, akayumba, akajishikiza kwenye ukuta alioupaka mwenyewe muda uleule. Msimamizi akakuta alama ya kiganja kizima.

"Nilitaka kumfokea," anasema msimamizi. "Lakini huyu mama hajawahi kugusa rangi mbichi. Nikajua kuna jambo anahangaika nalo." Alipoelezwa, akamwekea mtihani huu wa leo.

Kifundo kinatetemeka. Kinatetemeka tena. Mama Brashi anakaza tumbo, anainuka taratibu mpaka goti la kulia linafika usawa wa kiuno, na anatulia hapo. Ukuta hajaugusa. Mafundi wanagonga makopo kwa vipini vya brashi, naye anacheka huku machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

Msimamizi anamkabidhi mkanda wa usalama. Kesho wanaanza ukuta wa nje, ghorofa nne.

"Nitaanzia juu kabisa," anasema, akiufunga mkanda kiunoni ingawa leo hapandi popote. "Chini nimepachoka."