Kifaranga Aliyebaki Kapuni mwa Rawhiya

Katika kijiji cha Kafr Abu Tabl, mwanamke haingii ndani ya tanuri la kuangulia mayai. Huyaleta mayai yake hadi mlangoni, akamkabidhi mwenye tanuri, akarudi nyumbani kusubiri. Siku ya kuangua ikifika, hupewa vifaranga wawili kwa kila mayai matatu, ndani ya kapu lililofunikwa kitambaa. Kapu hilo halifunuliwi pale mlangoni. Wengine husema ni kwa kuogopa husuda. Wengine husema kwamba kulifunua mbele ya mwenye tanuri ni kumwita mwizi usoni pake. Basi mwanamke hupitisha mkono chini ya kitambaa, akahesabu kwa kupapasa, akatoa shukrani, akaenda zake. Wanaume wa kijiji huitaja desturi hii kwa fahari, kama ushahidi wa uaminifu wao. Ajabu ni kwamba katika uaminifu huo anayetakiwa kufumba macho ni mwanamke peke yake.

Rawhiya, mjane, mama yake Shawqi aliyekwenda mbali kutafuta kazi, hakuwahi kuiona ajabu hiyo. Alizaliwa kando ya ukuta wa tanuri hilo hilo, alikulia ndani ya moshi wake wa samadi kavu, na baba yake ndiye aliyekuwa akiligusisha yai kwenye kope la jicho ili kupima joto lake. Baba alipofariki, tanuri lilikwenda kwa kaka yake, Bayumi. Sheria ya Mungu ilimwandikia binti fungu lake, na kila mtu msikitini aliijua; lakini hakuna aliyeitamka, naye Rawhiya hakutaka kuitwa mwanamke aliyemburuta kaka yake mbele ya kadhi. Akapewa kuku wa mama yao, akashukuru.

Walikuwa kuku wa kishingo, wekundu, shingo zao tupu kama kifundo cha mkono. Walitaga hata katika baridi ya mwezi wa Amshir, wakati kuku wa majirani wamejikunyata tu juu ya mapaa. Mwanamke yeyote aliyejifungua kijijini, supu yake ya kwanza ilitoka darini kwa Rawhiya, alikofugia kuku, kama zamani ilivyotoka kwa mama yake. Hivyo ndivyo watu walivyomjua, na ndivyo alivyojijua mwenyewe.

Mwaka ule kideri kiliingia mapema. Kiliwafagia kuku wake mmoja baada ya mwingine, shingo zimepinda, kinyesi kijani, mpaka dari likabaki manyoya na majani makavu. Mayai yake yalikuwa tayari tanurini. Alikwenda mlangoni, akabisha kwa kiganja.

Bayumi alitoa kichwa, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. "Kuna nini, dada?"

"Wamekwisha, kaka. Hata jogoo."

"Wote?"

"Wote. Waliobaki ni hao ulio nao humo ndani."

Bayumi alijifuta uso kwa mkono wa kanzu yake. "Basi nenda kapumzike. Mayai yako nitayageuza kwa mkono wangu mwenyewe, simwachii mtu. Ni kuku wa mama yangu pia, au umesahau?"

Alirudi nyumbani moyo umetulia. Aliliziba kila tundu la dari kwa udongo, akachoma matandiko ya zamani, akapaka kuta chokaa. Siku ya kuangua alivaa gauni lake jeusi la kutokea, akapokea kapu, akapapasa. Hesabu ilitimia. Akambusu kaka yake begani.

Nyumbani alifunua kitambaa. Kapu lilijaa vifaranga wa manjano, wanene, shingo zao zimefunikwa manyoya hadi mdomoni. Wa aina ile wanaoletwa kwa magari kutoka mashamba makubwa. Aliwatoa mmoja mmoja na kuwaweka sakafuni. Chini kabisa, amebanwa kwenye pembe ya kapu, alikuwamo mmoja mwenye shingo tupu. Alipomtua chini, miguu yake ilikwenda kila mmoja upande wake, akabaki amelala kwa tumbo, akipiga mbawa.

Jirani yake Tafida alipanda ngazi na bakuli la pumba, akasimama kumtazama.

"Huyu naye ni wa nani? Kakaa kama mwanamke anayekanda unga."

"Ni wangu," Rawhiya alijibu. "Ni huyu tu aliye wangu."

"Na hawa wengine?"

"Sijui ni wa nani."

Tafida alichuchumaa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini mara hiyo aliyapima kwanza. "Labda yamechanganyika, Umm Shawqi. Mle ndani giza."

"Labda."

"Ila huyu mpe paka. Miguu hiyo itamfikisha wapi?"

"Sina haja afike popote. Nataka asimame."

Alimgeuza kifaranga kiganjani na kumchunguza. Mguu wa kushoto ulikuwa umeteleza tu. Akiusukuma taratibu kwa kidole ulirudi chini ya mwili. Wa kulia ulikuwa na shida kubwa zaidi: kifundo chake kilivimba kidogo na kujisokota, na vidole vilikunjika kama ngumi. Katika unyoya wa tumboni palinasa kipande chembamba cha nailoni. Zama za baba yao, vifaranga walikaukia juu ya makapi ya ngano, mahali ambapo kucha hupata pa kushika. Nailoni, kama sasa ndiyo inayotandikwa, ni utelezi mtupu. Rawhiya alikitazama kipande kile kwa muda mrefu, lakini alikuwa bado anamtetea kaka yake moyoni.

Alikata utepe mwembamba kutoka kitambaa cha zamani cha pamba, akaifunga miguu yote miwili pamoja, akaacha nafasi kati yake ya upana wa kidole. Vidole vya mguu wa kulia alivinyoosha na kuvigandisha juu ya kipande cha karatasi ngumu, kama kiatu. Akatandika gunia la katani ndani ya sanduku ili kucha zipate pa kung'ang'ania. Utepe ukikazwa sana, damu huzuilika na mguu hufa. Ukilegea, hausaidii kitu. Kwa hiyo alikuwa akiufungua, akiukanda mguu, akiufunga tena, huku akimlisha kiini cha yai kwa ncha ya kidole. Wale wa manjano walikula na kunenepa bila kumhitaji.

Bayumi alikuja mwenyewe, amebeba sukari na majani ya chai. Alikaa mkekani, akanywa glasi ya kwanza bila kulitazama sanduku.

"Nasikia unalea kilema," alisema hatimaye.

"Nani kasema?"

"Wanawake mferejini, penye kufulia. Dada, unanichafulia jina. Kifaranga kiwete akitembea hapa kijijini, watu watasema tanuri la Bayumi limeharibika joto."

"Hatembei. Ndiyo shida yake."

Bayumi alicheka kidogo, akanyoosha mkono kuelekea sandukuni. "Nipe nikuondolee. Hana faida. Hata yule tajiri alimkataa."

Rawhiya aliweka kiganja chake juu ya sanduku. "Tajiri gani?"

Bayumi aliigeuza glasi yake mkononi.

"Alikuja mtu wa mjini, na gari," alisema. "Anachukua vifaranga wangu wote wa ziada. Akaona zile shingo, akazipenda. Anataka mbegu ya namna hiyo shambani kwake. Nikajisemea kwamba wewe, dada, unataka kuku wa kufuga tu; kuku si ni kuku? Nimekupa hesabu yako kamili, na wamenona kuliko wale."

"Ulijua wangu wamekufa."

"Nilijua."

"Nilikuja mlangoni nikakwambia kwa mdomo wangu."

"Ulikuja, ndiyo." Hakuinua macho. "Wewe ni dada yangu, Rawhiya. Nilijua utanielewa. Msimu ujao nitamwomba anirudishie wawili watatu. Ila huyo mmalize kabla ya siku nyingine ya kuangua, watu wasije wakamwona."

Aliondoka akaziacha sukari na chai pale mkekani. Rawhiya hakulia. Alikaa karibu na sanduku, akajiuliza jambo ambalo wengi wa wanaojiita wenye haki hawajiulizi: je, anamweka kiumbe huyu hai kwa ajili yake mwenyewe kifaranga, au anamtesa ili awe shahidi wa kumwaibisha Bayumi? Kama ni la pili, basi yeye naye ni wa ukoo ule ule. Mama yake, alipoona ndege hana tumaini, alimmaliza kwa kisu kikali na jina la Mungu, kwa upesi, bila hasira. Kisu kilikuwa pale rafuni.

Aliufungua utepe wote, akamtoa kwenye sanduku na kumweka juu ya gunia, mbali kidogo na pumba iliyoloweshwa. Hakumsaidia. Kifaranga alilia, akapiga mbawa, akajisukuma kwa mguu wa kushoto, akaanguka kwa ubavu, akainuka, akajisukuma tena. Alipofika kwenye pumba alidonoa kwa pupa mpaka ikamjaa machoni. Rawhiya alimfuta uso, akachukua mkasi, akakata utepe mwingine. Kisu hakukigusa. Kuhusu Bayumi, aliona kwamba hilo ni jambo lingine, na litasemwa na yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

Siku ya kuangua iliyofuata wanawake walikusanyika mbele ya tanuri kama kawaida, makapu yakitolewa moja moja kutoka gizani. Rawhiya alisimama katikati yao.

"Funueni makapu yenu," alisema.

Mwanamke mmoja mzee alimkazia macho. "Tangu lini, binti? Tumwaibishe mtu mlangoni pake?"

"Mlangoni ndipo pa kufunulia. Mimi nililifunua nyumbani, nikakuta si wangu. Aliwauza kuku wa mama yetu akijua sina wengine, akanitilia wa shamba. Ameniambia mwenyewe."

Wanawake walitazamana. Bayumi alikuwa kizingitini, uso umemwiva kwa joto. Tafida ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta kitambaa chake. Vifaranga wake walikuwa na michirizi ya kahawia mgongoni, sawasawa na mama zao.

"Hawa ni wangu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Wa pili alifunua. Wake pia walikuwa wake. Wa tatu vilevile. Mtu mmoja nyuma akacheka. "Kumbe mwizi ni macho ya Rawhiya."

"Mmeona wenyewe," Bayumi akasema, akiegemea mlango. "Dada yangu amefiwa na kuku, akili imemsumbua. Msimlaumu."

Hapo ndipo Rawhiya alipoelewa neno lile Bayumi alilomwambia mkekani, kwamba yeye ni dada yake, na likamuuma kuliko uongo wenyewe. Hakuwa mwizi wa kila mtu. Alichagua.

"Ni kweli," Rawhiya alisema. "Wenu wote wako salama. Tafida ana mume mwenye rungu. Wewe una wana wanne, na wewe una mkwe polisi. Kila mmoja wenu ana mtu ambaye Bayumi anamwogopa. Mimi nilikuwa na Bayumi."

Aliyecheka hakucheka tena. Mwanamke mzee alirudisha kitambaa juu ya kapu lake, akalikumbatia, akaondoka bila kumtazama yeyote. Wengine kadhaa wakafanya hivyo hivyo. Isidhaniwe kwamba kijiji kilibadilika siku ile. Ni Tafida peke yake aliyetembea njia nzima na kapu wazi, vifaranga wake wakipiga kelele juani.

Jioni alipanda darini kwa Rawhiya na kumkuta ameufungua utepe. Kifaranga alikuwa amesimama. Mguu wa kushoto ulikuwa chini yake, umenyooka. Wa kulia bado ulitoka nje ubavuni, na alijiegemeza kwenye kopo la maji asianguke.

"Huo wa pili hautarudi," Tafida alisema.

"Hautarudi. Nimeacha kuuvuta, namuumiza bure. Nitamwekea majani marefu, maji karibu, na nitamtenga na hawa wa manjano wasimkanyage."

"Nina kuku koo anayetaka kuatamia. Mayai ya msimu ujao mwekee yeye, usipeleke kule tena."

"Sipeleki."

"Na Bayumi? Idi ikifika atakuja na nyama yake, kama kila mwaka."

"Atakuta mlango umefungwa."

Tafida alimtazama kifaranga akiyumba. Shingo yake tupu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. "Kama ni tetea, mguu mmoja unamtosha kutaga. Na akitokea kuwa jogoo? Jogoo wa mguu mmoja hawezi kupanda."

Rawhiya alichovya kidole katika kiini cha yai, akamwekea mdomoni. "Basi atakuwa jogoo kiwete," alisema, "na kuku wa mama watakuwa wamekwisha. Lakini atakula kwangu."