Fundi Viatu Aliyekataa Kuitwa Mtu Baki

Kituo cha mabasi hakijachangamka, lakini Mama Soli, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya viatu, ameshakaa kwenye kigoda chake, buti la askari amelibana magotini. Anachoma sindano, anavuta uzi, anapuliza vumbi la ngozi.

"Mwenyewe kasema nimshonee kama namshonea mwanangu," anacheka. "Nikamwambia, basi utangoja, maana wale wawili wananirudishia kila kiatu."

Wale wawili ni pacha wa kike, wako darasa la tatu. Hakuwazaa. Ni wapwa wa mtalaka wake. Mama yao alifariki kabla hawajaota meno. Mjomba wao akawaleta nyumbani, naye Mama Soli akawapokea. Baadaye ndoa ikavunjika. Mume aliondoka na begi la nguo, pacha wakabaki.

"Hatukukaa kikao," anasema. "Walikuwa wamelala. Nani angewaamsha?"

Kazi hii humpa chakula cha siku ile ile. Mvua ikinyesha, hapati kitu. Ndiyo maana mwaka jana alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba ruzuku ya wanaolea yatima.

"Una undugu gani nao?" ofisa alimwuliza.

"Mke wa mjomba wao."

"Mjomba yuko wapi?"

"Tumeachana."

"Basi, mama, wewe kwao ni mtu baki. Ruzuku hupewa ndugu wa damu au wa ndoa."

Neno hilo alilikataa. "Nimewafuta makamasi, nimekesha nao wanaumwa surua, leo mimi mtu baki? Nikajiambia, nitarudi hapa mpaka wanizoee kama kiti chao."

Alirudi, mara nyingi. Mwishowe wakamtaka aje na mjomba mwenyewe. Hapo ndipo palipomuuma, kwani alishaapa kutokanyaga kwa mtalaka wake. Hata hivyo alikwenda. Mke mpya ndiye aliyemfungulia mlango.

"Dada, sikuja kumdai mume," Mama Soli alimwambia. "Niazime huyo asubuhi moja tu, nitamrudisha."

Mwenzake alishindwa kujizuia, akacheka, akamwita mumewe.

Mbele ya mkuu wa ofisi, yule bwana, dereva wa lori, aliulizwa kama angewachukua wapwa wake. Mama Soli akamkazia macho mtalaka wake. Akisema ndiyo, watoto wamekwenda.

Dereva akasema, "Nikiwachukua, nitakuwa nimewafanya wafiwe na mama mara ya pili. Aliyeachana naye ni mimi. Wao hawajaachana naye."

Mkuu wa ofisi akaamua kwamba undugu ulioletwa na ndoa haukufa na talaka. Ruzuku ikaanza kutoka. Sasa hata mvua ikinyesha, pacha wanakula.

Lakini Mama Soli hajatulia. Anajiandaa kwenda mahakamani kuwaasili, ili kesho asije ofisa mwingine akaamua vingine.

"Siku nikifa, nataka wafiwe na mama yao, siyo na mke wa mjomba," anasema, akikata uzi. "Ila leo sifi. Kuna watu hapa wanangoja viatu vyao."