Mbuzi Mmoja na Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa macho kwa kilemba. Ilikuwa kwenye uwanja wa mbuzi wa Mocímboa da Praia, mji wa pwani kusini ya mto Ruvuma, nyuma ya soko, na aliyenifunga ni mzee mfupi tuliyemwita Dalali Mkuu, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwenye majahazi. Alinishika mkono akauweka juu ya mnyama.

"Sema, huyu ana nini?"

"Ana manyoya, mzee."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Manyoya hata paka anayo! Bonyeza hapo nyuma ya mbavu. Ukiukuta uti umechongoka, huyo ni wa supu. Ukiukuta umefunikwa na nyama, huyo wa hitima. Usipoukuta kabisa, huyo wa harusi, na wa harusi nauza mimi, si wewe."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, si kwa sababu ya umaskini peke yake. Mwalimu alikuwa akieleza mto, mimi nataka kwenda kuuona. Kabla ya hapo nilikwisha chota chumvi, nikauza ndala, nikapika kwenye chombo cha wavuvi wa Macaloe mpaka wakanishusha kwa kuunguza wali. Uwanja wa mbuzi ulinishika kuliko kazi nyingine zote kwa sababu kila siku palikuwa na swali moja lisilo na jibu la jana: huyu ni bei gani?

Nyinyi vijana mnaopiga picha ya mbuzi na kuituma kwa simu, sikilizeni tulivyofanya. Pale uwanjani hatukutaja metikali, fedha ya kwetu, mpaka mwisho. Kipimo chetu kilikuwa mbuzi wa hitima, dume wa wastani aliyehasiwa, anayetosha kulisha watu wa msiba mmoja. Mwingine tulisema ni robo tatu ya hitima, mwingine hitima na robo. Bei ya hitima ilipanda na kushuka kila msimu, lakini hesabu yetu haikuvurugika.

Muuzaji alimnong'oneza dalali bei anayoitaka. Mnunuzi naye alinong'oneza alichonacho. Tuliiita bei ya sikioni, na dalali aliyeitoa nje hakupewa tena mbuzi wa kuuza. Kisha dalali alishika mgongo wa mnyama mbele ya watu na kukata, yaani kutaja bei kwa sauti, mara moja tu. Wakikubali wote wawili, anapata udalali wake. Akikataa mmoja, dalali anaondoka mikono mitupu, na mbuzi yule hamgusi tena maisha yake. Nimeona wanaume wazima wakitetemeka kabla ya kukata.

Nilikaa pale miaka kadhaa, halafu miguu ikaniwasha. Nikavuka Ruvuma, nikapata kibarua kwenye shamba la misheni upande wa Tanzania. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mbuzi anakamuliwa. Kwetu pwani mbuzi ni nyama, maziwa ni ya kopo. Msimamizi alikuwa mtawa mmoja mrefu, Sista Mkuu wa Mifugo, aliyevaa mabuti ya mpira na saa ya mkononi ya kiume. Aliniuliza kama najua kuchagua mbuzi. Nikajibu najua sana, nikamwendea jike mmoja nikamshika mgongo.

"Selemani," akasema, "unanunua maziwa au unanunua kitanda?"

"Namtazama kama ana afya, Sista."

"Huko uliko mkono hakuna maziwa. Shuka chini."

Alinifundisha kiwele, ule mfuko wa maziwa. Kizuri kikikamuliwa kinanywea na kulegea kama mkoba uliomwagwa. Kinachobaki kigumu baada ya kukamuliwa kimejaa nyama, na nyama haitoi chai. Alinionyesha kwamba mkamuliwa mzuri mara nyingi ni mkondefu, nyonga zimemtoka, kwa sababu chakula chake hakikai mgongoni, kinateremka kwenye bakuli. Tena akanifundisha hila ya wauzaji: hawamkamui mbuzi tangu jana ili leo kiwele kijae na kung'aa. Dawa yake ni kumkamua jioni mbele ya mnunuzi mpaka tone la mwisho, na kurudi asubuhi kuona alichotengeneza usiku. Neno lake jingine nililitumia baadaye kuliko yote: "Mbuzi wa nyama unamlipa mara moja. Wa maziwa unamlipa kila siku kwa pumba. Anayetoa fedha yake yote siku ya kununua, amenunua mbuzi wa nyama bila kujua."

Niliporudi ng'ambo yetu nilikwenda Palma, nikawa msaidizi wa mtaalamu wa mifugo wa wilaya. Sote tulimwita Tekniko. Alitoka Zambézia, akajifunza Kiswahili sokoni, na alipokasirika Kiswahili kilimkimbia kikabaki Kireno kitupu. Tulizunguka vijijini, siku moja tulivuka kwa mashua hadi kisiwa cha Rongui kuchanja kuku, na kuku wakatushinda mbio mbele ya kisiwa kizima. Alipenda kuulizwa maswali, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa. Nyumbani kwake alifuga majike wawili chotara, masikio yamelala, aliowaleta kwa lori kutoka kusini. Mke wake alikamua, watoto wake walikunywa, majirani walishangaa.

Hiyo ndiyo miaka gesi ilipogunduliwa baharini. Wageni walijaa Palma mpaka watu wakapangisha vyumba vyao na kulala barazani. Yai likawa na bei ya kuku, kuku akawa na bei nisiyoitaja. Kila Alhamisi lilikuja lori la mtu aliyepeleka nyama kwenye kambi ya wageni hao, na mnunuzi wake, kijana mchangamfu, alinunua kila chenye mkia.

Ndipo akaja Bi Saumu.

Alikuwa jirani yangu, mjane wa fundi cherehani. Binti yake alifariki akamwachia mjukuu, Nuro, aliyekuwa amekwisha pita miaka miwili lakini miguu yake bado ya mtoto wa mwaka. Muuguzi alimwambia bibi: yai, maharage, na maziwa kila siku. Bibi alinunua kopo mpaka kopo nalo likapata bei ya wageni. Siku hiyo alikuja mikono mitupu, na mimi niliyezoea kusikia cherehani ya marehemu upande wa pili wa ukuta nikagundua kwamba tangu juzi kulikuwa kimya.

"Nimeiuza, Sele," akasema. "Nimesikia Tekniko amepata uhamisho wa Niassa na mbuzi wake hawabebi. Nataka mmoja. Sijui mbuzi wa maziwa analipiwaje. Nawe ukinidanganya, sina cherehani nyingine."

Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi sijui. Pale pwani hapakuwa na mtu aliyewahi kununua mbuzi wa maziwa, kwa hiyo hapakuwa na bei. Bei si kitu anachozaliwa nacho mnyama.

Jioni ya Jumatano tulikwenda kwa Tekniko. Alifuatana nasi kaka yake Bi Saumu, Mzee Nfaume, ambaye hakukosa hitima hata moja Palma na alijiona bingwa wa mbuzi kwa sababu amewala wengi. Majike wawili walikuwa wamefungwa uani. Mmoja mnene, mweupe, anang'aa. Mwingine wa kahawia, nyonga zimechomoza, shingo kama ya mtu aliyetoka hospitali. Nfaume akaenda moja kwa moja kumshika mweupe mgongo.

"Dada, huyu! Usiangalie pembeni."

"Na huyo mwingine?"

"Huyo? Ukimchinja utawagawia watu mifupa na salamu."

"Kaka, mimi simchinji."

"Leo humchinji. Kesho Mungu anajua."

Nikaomba wakamuliwe wote wawili mpaka tone la mwisho. Tekniko akatabasamu, maana alijua ninatafuta nini, akamwita mkewe. Wakakamuliwa mpaka viwele havikutoa tena. Cha yule wa kahawia kilinywea kabisa, cha mweupe kikabaki kimevimba vilevile. Kabla hatujaondoka nikapewa bei za sikioni. Tekniko alitaka hitima tatu kwa yule wa kahawia. Kwa mweupe, mbili zingemtosha. Bi Saumu alikuwa na hitima mbili, ndiyo cherehani yote na hakuna zaidi.

Asubuhi tulirudi. Mweupe alitoa kiasi cha kikombe cha kahawa. Wa kahawia alijaza bakuli la uji, povu likapanda juu ya ukingo. Bi Saumu alilitazama bakuli lile na midomo yake ikasogea bila sauti. Alikwisha jua anayemtaka, na kwa uso wa Tekniko alikwisha jua kwamba bei yake hataiweza.

"Bakuli lile hatuliwezi," Nfaume akasema, naye sasa sauti imepungua, "dada, nunua mweupe. Kikombe si haba."

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Bei ina sakafu na ina dari. Sakafu ni nyama: muuzaji hatashuka chini ya anachotoa mchinjaji. Dari ni makopo ambayo bibi angenunua kama hana mbuzi, na dari ile ilikuwa juu sana mwaka huo. Tekniko hakuwa mwizi kutaka tatu. Nilikuwa bado hapo, kati ya sakafu na dari, lori liliposimama mlangoni.

Yule kijana wa kambini aliingia akicheka, akamsalimu kila mtu shikamoo, hata mimi. Akamshika mweupe mgongo, akapiga mluzi.

"Tekniko, huyu nakupa hitima tatu, sasa hivi."

Tekniko alishtuka. Kwa mkamuliwa dhaifu vile! Akapeana naye mkono upesi kabla kijana hajapata akili. Fedha ikahesabiwa, mweupe akapandishwa. Kijana akamgeukia wa kahawia, akambonyeza nyuma ya mbavu, akavuta mkono kama aliyeguswa na miba.

"Huyu mgonjwa?"

"Mzima," Tekniko akasema.

"Basi huyu nipe nyongeza."

Kwetu ukinunua kitu kikubwa unaongezewa kidogo juu yake bure: samaki mdogo, nazi moja, kipande cha muhogo. Kijana hakuwa na ubaya. Alifanya alichofanya kila mtu uwanjani, na mkono wake ulimwambia hapa hakuna kitu. Lakini Tekniko alikuwa amemlea mbuzi yule kutoka kusini, na watoto wake walikua kwa maziwa yake. Kiswahili kilimkimbia chote.

"Nyongeza?" Hilo tu lilibaki. Kisha Kireno kikamwagika mpaka kijana akarudi kinyumenyume kwenye lori lake, na lori likaondoka.

Tekniko akafuta jasho. "Senhor Selemane," akasema. "Kata."

Watu walikwisha jaa mlangoni. Nilijua bei zote mbili za sikioni. Ningekata mbili, hesabu ya bibi ingekwisha pale pale, na ndani ya mwezi mbuzi asiye na pumba angekauka kama kuni. Ningekata tatu, bibi angekwenda nyumbani kwenye ukuta ulio kimya. Na nikikata vibaya, yule mbuzi simgusi tena.

Sikumshika mgongo. Niliinama nikashika kiwele, kile kilichonywea.

"Mbuzi mmoja na nusu," nikasema.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. "Nusu ipi, Sele? Ya mbele au ya nyuma?" Bi Saumu peke yake hakucheka, alikuwa amezishika ncha za kanga yake kwa mikono miwili. Tekniko alinikazia macho. Ilikuwa nusu ya bei yake.

"Niambie kwa nini," akasema.

"Sakafu yake umeisikia mwenyewe, Bwana Tekniko: nyongeza. Mwingine wa kumnunua kwa maziwa huna, na Jumamosi unasafiri. Bibi huyu ana zaidi ya nilichokata, sitasema kiasi gani. Kilichobaki ni cha pumba, banda na kamba. Nikikichukua nikakupa wewe, mbuzi wako atakuwa supu kabla hujafika Niassa. Hilo alinifundisha Sista mmoja ng'ambo, nawe ukalirudia kwenye ziara zetu zote."

Hapo mke wake, ambaye muda wote alikuwa amesimama na bakuli, alisema kitu kimoja kwa Kireno, polepole. Mimi nilikielewa: "Mwache aende akakamuliwe."

Tekniko akainamisha kichwa, halafu akaanza kucheka. "Mmoja na nusu," akasema. "Dona Saumu, kaa hapa chini. Mkono huu huku. Usivute, finya."

Mbuzi alimpiga teke la kwanza, la pili akamwaga bakuli. La tatu halikuwepo.

Nuro alipata miguu. Sisemi ni mbuzi peke yake, bibi alimlisha maharage pia. Lakini mwaka uliofuata alivunja mtungi wangu kwa kukimbia, na sikuweza kukasirika.

Mimi sasa nimestaafu, kama mtu asiyewahi kupewa barua ya kazi anaweza kustaafu. Vita vilitutoa Palma, niko Pemba, mji wa pwani yetu, si kile kisiwa cha Tanzania, na miguu imeacha kuniwasha kwa kuwa magoti hayaitiki. Uwanja wa Mocímboa naukumbuka kwa harufu yake, na kilemba cha Dalali Mkuu machoni pangu, kilichonuka ubani. Wakubwa wangu wote watatu walinifundisha kitu kimoja kwa njia tofauti: weka mkono penye kitu anachokitaka mnunuzi.

Juzi niliitwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Ni kwa Bi Saumu. Alifika Pemba na mwanambuzi jike amemfunga kifuani kwa kanga, wa kizazi cha yule wa kahawia, na kutokana naye sasa ana uzao uani. Mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alikuja kununua. Jana yake jioni bibi alikwisha mkamua mbuzi mbele yake mpaka tone la mwisho. Asubuhi bakuli lilikuwa limejaa. Mwanamke alitazama nyonga.

"Mbona amekonda hivi, bibi?"

Mimi nikafungua mdomo.

"Sele, nyamaza," Bi Saumu akasema. "Leo nakata mimi."

Akamtazama yule mwanamke, akamtazama mtoto, akachuchumaa akashika kiwele kilichonywea. Nilijua bei kabla hajaitaja.