Bangili Zisizo na Pa Kufungia

Nelima wa Kiminini hajawahi kuiona bahari, na hana haraka ya kuiona. Lakini mafundo ya mabaharia anayajua. Alijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akifunga na kufumua hadi vidole vikaota sugu, na leo kamba nyeupe ya pamba ikipita mikononi mwake inageuka bangili nene iliyojizungusha hata usione ilikoanzia. Huziuza sokoni Kitale, amezitandaza juu ya gunia.

"Mama Emmy, hizo kamba si ungefungia ng'ombe?" Mary Ann, muuza nyanya wa pembeni yake, hachoki kumchokoza.

"Ng'ombe wako ndio atavaa ya kwanza, bana," Nelima humjibu, na mikono haisimami.

Alichokitaka ni kimoja tu: kazi yake itoke kwenye gunia, ipande kwenye kabati la kioo dukani. Kwa hiyo Premlata, mwenye duka la vitambaa mjini Bungoma, alipomwagiza bangili za rakhi, Nelima aliitikia kabla hajauliza rakhi ni nini. Alisikia tu kwamba ni sikukuu ya Wahindi, na kwamba akina dada huwapa kaka zao kitu cha mkononi. Basi! Akasuka miduara mizuri, imara, ya kupenyeza mkono.

Premlata alizigeuza moja moja, akasifu weupe, akasifu ulaini. Kisha akauliza, "Sasa mama, dada atafunga wapi?"

"Hakuna kufunga, Mama Hemali. Unaingiza mkono tu. Ata ukivuta, haitoki."

"Hiyo mtu anajivalisha. Yetu dada anafunga mwenyewe, akiombea ndugu yake. Bila kufunga, hiyo si rakhi." Akazisukuma polepole upande wa Nelima. "Wacha, usijali. Nitatafuta za Nairobi. Hizi tutaona siku ingine."

Nelima anaijua hiyo "siku ingine". Ni kufukuzwa kwa adabu. Aliona haya, akaona na hasira, na hasira yote ilimrudia mwenyewe, maana kuuliza si ujinga na yeye hakuuliza.

"Sikukuu si ni Jumamosi? Usiagize Nairobi. Ijumaa asubuhi niko hapa."

"Mama, hizi zote?"

"Zote."

Kukata kusingemsaidia, fundo la aina ile ukilikata popote linaachana lote. Ilibidi azifumue, na kamba zikatoka zimejikunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Akazilowesha, akazinyoosha kwenye seng'enge ya shamba na kuzining'inizia mawe, huku akiliangalia wingu la Mlima Elgon kwa jicho baya, kwani Agosti huku mvua haiombi ruhusa. Ikanyesha kweli. Akazianua mbio, akazimalizia kuzikausha jikoni, juu ya moto.

Kamba ya nailoni ungeichoma ncha kwa kiberiti ukamaliza. Pamba haitaki hivyo, huchambuka, kwa hiyo kila ncha aliizungushia uzi mwekundu kwa sindano. Safari hii fundo lilikaa katikati peke yake, bapa, na mikia miwili mirefu ya kufungia ikaachwa huru. Binti yake Emmy alimsihi apumzike.

"Nitapumzika Jumamosi," akasema, wala hakuinua macho.

Ijumaa asubuhi Premlata alishika rakhi moja, akavuta mkia, akavuta tena kwa nguvu. Aliondoa leso zilizokuwa kwenye kabati la kioo, akazipanga zile rakhi za kamba mbele kabisa, zilipoonekana kutoka mlangoni. Nelima alitamani kupiga kigelegele, akajizuia.

Angeweza kuondoka hapo. Lakini alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii hataondoka bila kuuliza.

"Mama Hemali, nionyeshe vile mnafunga. Mwaka ujao sitaki kukosea."

"Leta mkono. Ule wa kulia."

Premlata alifunga taratibu, midomo ikimchezacheza kwa maneno ambayo Nelima hakuyaelewa, ila alijua ni dua. Miaka yote Nelima amekuwa akipima bangili kwenye mkono huohuo, akivaa na kuvua, kazi tu. Hakuna mtu aliyewahi kumfunga hata moja. Machozi yakamlengalenga.

"Imebana?" Premlata akauliza.

"Hapana," akasema. "Usilegeze."