Mtafsiri Kasema Kibakwe

Ndiyo, Mama, nimekubali filamu inasikitisha. Lakini aliyesema yule mke katorokea Kibakwe ni mtafsiri. Filamu ni ya Wakorea! Mkorea Kibakwe anaijulia wapi?

"Kwa nini asiseme Arusha?" Mama akanijibu, macho kwenye cherehani. "Ana sababu zake."

Jirani yetu hapa Ihumwa ndiye aliyemwingizia hiyo filamu kwenye flashi. Picha ni za huko kwao, sauti ni ya mtafsiri wetu anayesimulia juu kwa juu na kuongezea vya kwake ili watu wacheke. Mwanaume kapotelewa na mke, anamtafuta mpaka akili zinamruka. Anabandika picha zake ukutani na kuziunganisha kwa uzi mwekundu. Mama kaiangalia mara tisa, na kila mara anasema, "Maskini, baba wa watu kashachanganyikiwa." Anasema hivyo kakaa chini ya picha sita za mama mdogo, zilizounganishwa kwa uzi mwekundu. Yeye ni fundi, uzi haukumsumbua kupata.

Mama mdogo aliondoka mwaka juzi. Walikuwa wanashona pamoja kibarazani. Siku moja Mama akamwambia mbele ya wateja kwamba kola zake avalishwe mbuzi. Wateja wakacheka. Kesho yake mama mdogo hakuja, na simu yake haipatikani mpaka leo. Sasa, kwa neno la mtafsiri, Mama anataka kumfuata Kibakwe.

Basi mimi, na kidato cha nne changu, nikaona nimmalize kwa hoja. "Mtafsiri huyuhuyu mwezi uliopita alisema jambazi kajificha Mlali. Na huko tumfuate?"

"Mlali hayupo."

"Nani, jambazi?"

"Mama yako mdogo. Nilishaenda."

"Lini?"

"Siku ile niliyokuaga naenda msibani."

Msiba ule naukumbuka. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikampa pole, nikamchemshia maji ya kuoga.

"Sasa ukimkuta utamwambia nini?"

Akakata uzi kwa meno. "Nitamwambia ile kola haikuwa mbaya."

"Lakini ilikuwa mbaya, Mama."

"Mbaya sana. Ilikaa upande kama sikio la ng'ombe. Nitamwambia hivyohivyo kwamba haikuwa mbaya."

Akaenda kuoga. Nikainuka kuzima televisheni, na badala ya kuzima nikajikuta nakirudisha nyuma kile kipande, nisikilize kama mtafsiri kataja na kitongoji. Hakutaja. Nikarudisha tena.

Ndipo nikaamua: asubuhi napanda naye gari la kwanza la Mpwapwa, tuunganishe mpaka Kibakwe. Picha moja nitaibandua ukutani tuwaonyeshe watu wa sokoni. Na majirani wakiuliza, mimi ndiye nitakayewajibu kwamba tunaenda msibani.